Karatasi Kumi na Sita

Habari hii niliipata kwa mama mmoja mtu mzima tuliyekaa naye benchi moja kwenye kliniki ya macho, Jumanne moja daktari alipochelewa mpaka saa tano. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, lakini mdomo ulikuwa mzima, na masikio, kama mtakavyoona, mazima zaidi. Katika kusimulia hakujisahau hata kidogo. Kila palipofanyika la maana, yeye alikuwepo. Nimemwachia sifa zake kama alivyozichukua. Ila mwenye shida alikuwa mke wa mwanawe, na huyo ndiye nitakayemfuata.

Alikuwa karani wa shule ya msingi, naye kila mtu alimwita Karani, hata mumewe akiwa amekasirika. Ajira yake ilikuwa ya kushikiza tu, mwaka wa pili sasa, akingoja barua ya kudumu kama mtu anayengoja mvua kwa kutazama mawingu ya jirani. Jumamosi hiyo, saa mbili asubuhi, alikuwa amesimama mbele ya meza ya chumba chao, mkononi ana waya wa printa uliofungwa kwenye gazeti.

Waya alipewa na Mwalimu Mkuu jana yake, pamoja na bahasha. Printa ya shule ilikuwa imekufa wiki hiyo. Ndani ya bahasha kulikuwa na mtihani wa hesabu wa darasa la saba, umeandikwa kwa mkono, ambao watoto wangeufanya Jumatatu. Karani auchape kwake, atoe nakala moja safi, arudishe.

"Kwa waya," Mwalimu Mkuu alimwambia. "Usipitishe hewani. Kinachopita hewani kina wenyewe wengi."

"Sawa, Mwalimu."

"Umesema sawa?"

"Nimesema sawa."

Kuchapa alimaliza alfajiri. Kurasa nne. Sasa kilichobaki kilikuwa kuuunga huo waya, na waya haukuwa na pa kuungwa.

"Tundu liko wapi?" aliuliza.

"Tundu gani?" alisema mumewe.

Mumewe alikuwa fundi mpaka rangi, jina lake la kazini Brashi. Kazi ya kwanza ya mpaka rangi ni kufunika vitu vya watu visichafuke, na Brashi aliileta kazi hiyo mpaka nyumbani. Rimoti ilikuwa ndani ya nailoni. Friji lilikuwa na stika zake zote za dukani, mwaka wa nne huu. Makochi hayakuwahi kuvuliwa nailoni tangu yashushwe; mgeni akiinuka, kochi linamsema kwa sauti mbele ya watu. "Kitu kikivuliwa nailoni kimeanza kufa," ndiyo ilikuwa kauli ya Brashi, na haikuwa na rufaa.

Printa yenyewe ilikuwa ujira. Bwana mmoja alipakiwa rangi nyumba nzima, akalipa nusu fedha, nusu printa ndani ya boksi. Ilikaa juu ya kabati wiki tatu kama bibi harusi, mpaka asubuhi hiyo.

Brashi akaizungusha. Mbele hakukuwa na tundu. Ubavuni kulikuwa na la umeme tu. Nyuma ilibandikwa stika nyeupe, pana kama kiganja. Kwenye stika palichorwa waya uliopigwa mstari mwekundu, na kando yake vile vimistari vya upinde vya waifai.

"Si unaona?" Brashi alisema. "Waya wameupiga mstari. Hii ya kisasa, haili waya."

"Mwalimu Mkuu alisema kwa waya."

"Mwalimu Mkuu printa yake imekufa. Unamfuata mfiwa akufundishe kulea?"

"Basi tubandue hiyo stika tuone."

"Wee! Hiyo ndiyo dhamana. Ibandue, kesho ikiharibika dukani watakwambia fundi ni wewe."

Karani akatazama saa. Mwalimu Mkuu angepita saa sita. Akatazama tena stika, na ule mstari mwekundu ukamwambia kile alichotaka kuambiwa. Moyo ulikataa, mkono ukakubali. Akakaa kwenye kompyuta.

Nyumba ile ilikuwa ya ghorofa moja, na waifai yake moja, ya mwenye nyumba, inayolipwa ndani ya kodi. Wapangaji wote waliichota kama maji ya bomba. Karani akaiambia kompyuta itafute printa. Ikatafuta, ikaleta moja tu.

"Nisomee namba ya aina," Brashi alisema, ameshika boksi. Akasomewa. "Ndiyo yenyewe! Namba kwa namba. Bonyeza."

Akabonyeza. Kompyuta ikasema imetuma. Printa ikakaa kimya, taa yake ya kijani inawatazama.

"Bonyeza tena. Kitu kipya kina aibu."

Akabonyeza tena. Na tena. Brashi akaipigapiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Mara ya nne. Mara ya tano.

Mama mtu, yule wa kliniki, alikuwa dirishani anachambua maharage kwa vidole, maana macho hayakumsaidia tena. Akainua kichwa.

"Nyie, huko juu nani anakohoa?"

"Hayupo mtu, mama," Brashi alisema. "Mwalimu wa Juu katoka na baiskeli yake mapema, nilimwona."

"Mtu hayupo, lakini kuna kitu kinakohoa. Kila ukisema bonyeza, kinakohoa."

Wakanyamaza wote watatu. Na kweli, juu ya dari, palisikika: krrr-tak. Kimya kidogo. Krrr-tak. Halafu pakawa kimya kabisa.

Karani akainuka kitini. "Brashi. Mwalimu wa Juu ana printa?"

"Anayo. Yule bwana wangu alikuwa nazo mbili, pacha, moja alimuuzia—" Brashi akajisikia anachosema, akaliweka boksi chini polepole.

Kumbe ya kwao haikuwa imeunganishwa na kitu chochote. Iliyoonekana kwenye kompyuta ilikuwa pacha wake wa ghorofani.

Na Mwalimu wa Juu kazi yake ilikuwa tuisheni. Kila Jumamosi saa tatu, watoto kumi na wanane wa darasa la saba walipanda ngazi hizo kwenda kufundishwa hesabu. Wa shule ileile ya Karani. Saa ilikuwa tatu kasorobo.

*

Mlango wa juu ulikuwa umefungwa. Karani alijaribu kitasa mara mbili, kama vile kingeona haya kumkatalia. Alichungulia dirishani, pazia. Akasimama pale na sapatu za mumewe miguuni, akaanza kusikia viatu vya watoto vikipanda.

"Shikamoo, Karani."

"Marahaba."

Wakaja watatu, wakaja watano. Msichana mmoja mwenye mdomo mwepesi akamtazama juu mpaka chini. "Karani, na wewe umekuja tuisheni?"

Wenzake wakacheka. Karani naye akacheka, cheko la kukopa.

"Eti Karani, hesabu za Jumatatu ngumu?"

"Mtihani ni mtihani."

"Tuingie basi," alisema mvulana mrefu, akainamia chungu cha maua kando ya mlango. "Mwalimu akichelewa huwa tunaingia. Ufunguo uko humu."

"Acha!" Karani alisema kwa sauti ambayo hakuijua kuwa anayo. Akasimama mbele ya chungu. "Leo hakuna kuingia."

"Kwa nini?"

Akatafuta la kusema. "Kuna panya."

Lo! Kama alidhani angewatisha, alikuwa hajawahi kuzaa. "Wapi? Mkubwa? Tumuue!" Wakavua viatu wakavishika mkononi tayari kwa vita, wakaanza kugombania nani aingie kwanza. Karani akaketi chini, mgongo mlangoni, chungu mapajani, kama mtu aliyefukuzwa kwake. Jirani aliyekuwa anaanika nguo uani alisimama na shuka mkononi asipitwe na kitu.

Mwalimu wa Juu alifika saa tatu na robo, anasukuma pumzi. Alikuwa kijana mwembamba, kapera, shati moja la kazi na moja la kufuliwa.

"Karani! Kuna msiba?"

"Mwalimu, naomba tuingie mimi na wewe tu."

"Watoto wanasema panya."

"Ndiyo. Panya."

Huko uani jirani akasema, si kwa kunong'ona, "Haya, panya."

Mwalimu wa Juu uso ukamwiva. "Nisubiri kidogo," alisema. "Chumba cha kapera hiki." Akachukua ufunguo, akaingia, akamfungia mlango usoni.

Dakika mbili. Karani alizihesabu kwa meno. Alisikia nyayo, alisikia karatasi zikikusanywa, kisha akasikia mtoto wa meza, yaani droo, akivutwa, akasukumwa kwa haraka. Mlango ukafunguka.

Karatasi zilikuwa mezani, zimepangwa vizuri, zimelazwa kifudifudi. Kando yake printa, taa nyekundu ikipepesa.

"Nimeikuta imetapika hizi," Mwalimu wa Juu alisema. "Nimeona neno la juu tu, nikazigeuza. Sijasoma."

Karani alimtazama usoni akitafuta pa kusomea. Mtu akikwambia hajasoma, utampima na nini? Akazikumbatia karatasi, akashuka kati ya watoto.

"Umemuua?" mvulana mrefu aliuliza.

Akaongeza mwendo.

*

Chini alizihesabu juu ya kitanda. Akazihesabu tena. Akampa Brashi azihesabu.

"Kumi na sita," Brashi alisema.

"Tulibonyeza mara tano. Kurasa nne nne. Ishirini."

"Labda mara nne."

"Tano," mama mtu alisema kutoka dirishani. "Imekohoa mpaka nikaichoka."

Nakala moja nzima haikuwepo. Karani aliketi. Mtoto wa meza alikuwa bado anavutwa na kusukumwa ndani ya masikio yake.

Brashi akafunga mlango, akashusha sauti. "Sikiliza. Iwe kwa waya, isiwe kwa waya, Mwalimu Mkuu anataka nakala moja. Mpe hii iliyotoka juu, safi kabisa. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe ni mtu wa nyumbani."

"Na Jumatatu watoto kumi na wanane wakipata zote?"

"Wapongezwe!"

"Siri ya watu watatu na mashine mbili," mama mtu alisema, "hiyo si siri, hiyo ni tangazo."

"Mama, barua yake ya kudumu iko mezani kwa Mwalimu Mkuu. Huyu akisema, barua inachanwa."

Karani alijua. Hata hivyo akampigia Mwalimu Mkuu simu. Alisema yote kwa pumzi moja, kwamba alipitisha hewani, kwamba mtihani ulitokea kwa mwalimu wa tuisheni, na kwamba ameurudisha isipokuwa nakala moja. "Mwalimu wa Juu amebaki nayo," alisema.

Mwalimu Mkuu akauliza, "Una hakika?"

"Nina hakika. Alinifungia nje. Nimemsikia akiiweka kwenye mtoto wa meza."

"Nakuja," Mwalimu Mkuu alisema, akakata.

Brashi akatoka kwenda kusimama uani. Mama mtu akaweka sinia ya maharage chini. "Hebu leteni huyo mgonjwa nimpapase," alisema, na Karani, kwa kukosa la kufanya, akamwekea printa mapajani.

Vidole vikapita mbele, vikapita ubavuni, vikafika nyuma juu ya stika. Vikarudi. Vikabonyeza.

"Hapa pana shimo."

"Wapi?"

"Chini ya hiki kibandiko. Kinabonyea kama utosi wa mtoto mchanga."

Brashi alikuwa amerudi mlangoni. "Mama, hapana! Dhamana—"

"Dhamana ya nini, wewe? Mimi nilikuzaa na stika?" Na kwa ukucha wa kidole gumba akaibandua yote kwa mkupuo mmoja.

Tundu likawatazama. La mraba, jeusi, safi, kiasi cha ukucha. Karani akachukua waya, na ncha yake ikaingia bila kusukumwa, tak. Dakika moja haikupita kompyuta ikasema imeiona printa. Ilikuwapo pale tangu asubuhi. Brashi aliokota stika chini, akajaribu kuinyoosha kwa kiganja, akakosa pa kuibandika.

*

Mwalimu Mkuu alikuja kabla ya saa tano. Alikaa kwenye kochi na nailoni ikamsema. Hakuna aliyethubutu hata kutabasamu. Hakugomba, na heri angegomba. Alitoa kalamu, akaomba meza, akaanza kuandika mtihani mwingine, swali moja moja, huku Karani akichapa nyuma yake. Chakula aliwekewa kikapoa. Saa nane na nusu kurasa nne zilitoka, kwa waya, zikiwa na joto.

"Barua yako ningeitia sahihi Jumatatu," alisema akifunga bahasha. "Sasa itangoja mwisho wa muhula. Si kwa sababu ya mashine. Ni kwa sababu ulisema sawa, na ulipoona si sawa, simu ulikuwa nayo."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na huyo wa juu mwachie mimi. Kesho wazazi wa hao watoto watajua wanampa nani ada yao."

Alipoinuka kochi lilimsema tena. Karani alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi ndani. Hakufukuzwa. Ilimpasa afurahi, lakini furaha haikuja. Alimwona tena Mwalimu wa Juu uso ulivyomwiva mlangoni. Mwizi huiva uso? Pengine huiva.

Saa kumi jua lilikuwa kali bado. Brashi alikuwa amepitiwa na usingizi kwenye kochi moja, stika mkononi. Mama mtu alikuwa amelala kwenye kiti chake dirishani, au ndivyo anavyosema mwenyewe. Karani alikuwa anakunja ule waya wa shule aliposikia nyayo juu, kisha kitu kikiwekwa, kisha:

Krrr-tak.

Akasimama.

Krrr-tak. Krrr-tak. Krrr-tak.

Basi. Nne.

Nyayo zikashuka ngazi. Mlango ukabishwa kwa kidole kimoja. Mwalimu wa Juu alisimama nje, amebeba karatasi nne juu ya viganja vyote viwili, kifudifudi, kama mtu aliyebeba sahani iliyojaa mchuzi.

"Samahani kwa usumbufu, Karani. Nimetoka dukani kununua karatasi, zilikuwa zimeniishia. Kuziweka tu, mashine ikatoa hizi yenyewe. Nadhani ni zenu, zilikuwa zikingoja. Ile taa nyekundu asubuhi ndiyo ilikuwa ikililia karatasi."

Karani alizipokea. "Na mtoto wa meza?"

"Mtoto wa meza gani?"

"Nilimsikia. Uliponifungia."

Uso ukamwiva tena, vilevile kama asubuhi. "Nguo za ndani, mama. Nilikuwa nimezianika juu ya meza. Ningekuingiza vipi?"

Angeweza kusema asante na kufunga mlango. Kijana asingejua kitu mpaka kesho, na kesho asingejua limetoka kwa nani.

"Mwalimu," alisema. "Nimekusema vibaya."

"Kwa nani?"

"Kwa Mwalimu Mkuu. Nimemwambia umeficha nakala. Kesho anawaambia wazazi."

Mwalimu wa Juu alishika mwimo wa mlango. "Wazazi kumi na wanane," alisema taratibu. "Hao ndio mshahara wangu. Sina mwingine."

Karani alipiga simu palepale mlangoni, akaweka sauti ya nje ili mwenyewe asikie. "Mwalimu, nimekosea tena. Nakala haikuibwa. Karatasi ziliisha kwenye mashine, zimetoka sasa hivi, nimezishika. Nilisema nina hakika na sikuwa na hakika."

Sauti ya Mwalimu Mkuu ikasikika mpaka ngazini. "Karani," alisema, "leo umekosea mara mbili, na mara mbili umenipigia mwenyewe. Sijui nikuweke kundi gani. Mpe huyo kijana simu."

Mwalimu wa Juu akasikiliza. "Ndiyo, Mwalimu. Hapana, Mwalimu. Nashukuru." Akairudisha simu. Hakusema amesamehe, na Karani hakumwuliza. Alipanda ngazi tatu, akageuka.

"Watoto wameniuliza mchana kutwa kama panya amekufa. Niwaambie nini?"

"Waambie alikuwa mmoja tu," Karani alisema. "Na alikuwa huku chini."

Kijana akatikisa kichwa. Kitu kama cheko kilimpita mdomoni, kisha akaendelea kupanda.

Karani aliziweka zile nne juu ya kumi na sita, akazifunga zote kwenye lile gazeti la waya. Akaenda kwenye kochi lililobaki. Nailoni ilikuwa na joto la mchana, ikamnata shavuni. Akamtazama Brashi, amelala. Akashika ukingo wa nailoni kwa vidole viwili, akaivuta polepole isipige kelele, kiasi cha kichwa tu, mpaka kitambaa kikaonekana, rangi yake ikiwa ileile ya siku kilipotoka dukani. Akalaza shavu juu yake. Kilikuwa na ubaridi. Huko juu palikuwa kimya, na kabla hajamaliza kusikiliza, usingizi ukamchukua.